Kipimo cha Mitaro

Tarehe 3 Machi

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Keti kwanza: una mume mwenye bahati kuliko wanaume wote uliowahi kuwakataa.

Mvua kubwa imepiga siku tatu. Mitaro yangu yote kumi na minne imeshika maji, tone halikuvuka. Lile korongo lililokuwa linakula mashamba ya watu limefunga mdomo. Wakulima arobaini, wengine wana mvi kukushinda, wananiita Mwalimu. Mimi, niliyeacha shule bado nahesabu kwa vidole! Nimezunguka miji, nimelala hoteli zenye lifti, lakini sijaona kitu kitamu kama kuitwa hivyo.

Sasa ni zamu ya mteremko wako, umebaki mifupa mitupu. Nimempa dereva wa lori fremu yangu ya kupimia, ileile niliyotumia hapa: miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na jiwe linaning'inia kwa uzi. Simamisha miguu yake miwili ardhini. Uzi ukigusa alama ya katikati, hapo pako sawa. Weka kigingi, songa mbele. Mtaro ukifuata vigingi hivyo, maji yanatulia kama wageni wenye adabu.

Magoti yanasemaje? Mimi mzima, uchovu tu.

Mjukuu wako, mumeo


Tarehe 14 Machi

Mume wangu mwenye maneno,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, yanaamka kabla yangu. Wewe unakula, au unashiba sifa?

Barua yako nimewasomea majirani mpaka karatasi imelegea. Fremu imefika. Watu ishirini na sita watakuja kuchimba Jumatatu ya tarehe ishirini na tano. Fundi viatu, ambaye shamba lake liko chini ya langu, aligoma. "Maji ya kwako yakivunja mtaro," akasema, "shamba la kwanza kuondoka ni langu. Nina watoto sita na shamba moja." Nikamwambia mjukuu wangu amefunga maji ya korongo zima, atashindwa na ya kwangu? Akaenda kunoa jembe.

Uso wangu nimeuweka mbele ya watu kwa ajili yako. Niandikie kina cha mtaro.

Bibi yako


Tarehe 20 Machi

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Kina ni mpaka gotini, goti la mtu mrefu, si lako.

Ila haraka ya nini, mke wangu? Udongo umelowa, majembe yatateleza. Ngojeni kiangazi. Na mimi nina wageni wa ofisini wanaokuja kunitazama, sina hata nafasi ya kunyoa ndevu.

Mjukuu wako


Tarehe 27 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tuko wazima.

Jumatatu watu walijaa uani na majembe yao. Nimeshona nguo miaka arobaini. Kipimo nisichokijaribu sikatii kitambaa. Nikasema, igeuzeni hiyo fremu, mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, palepale. Badala ya kurudi kwenye alama ileile, uzi ukahama vidole vitatu. Tukaukagua mguu mmoja: chini umeliwa na mchwa.

Fundi viatu akasema, "Kumbe Mwalimu wenu ametuletea kiwete atufundishe kutembea!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwarudisha makwao.

Sikuulizi kina tena. Mitaro yako ilishika maji? Nijibu bila utani.

Bibi


Tarehe 17 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo mfukoni zaidi ya wiki mbili.

Fremu ililala stoo kiangazi kizima, nami nikaichukua vilevile. Siku ya kwanza ya kupima, mama mmoja mfinyanzi, mwenye shamba la chini kabisa, aliniambia, "Mwanangu, igeuze kwanza." Nikamjibu mbele ya watu, "Mama, baki na vyungu vyako." Walicheka sana. Nami nikakipenda kicheko chao.

Mitaro yote ililala upande mmoja. Siku ya pili ya mvua maji yalijikusanya pembeni, yakavunja wa juu, ukaangukia wa pili, hivyohivyo mpaka wa kumi na nne. Mahindi ya mfinyanzi yaliondoka na udongo wake. Korongo sasa liko hatua tisa kutoka mlangoni kwake, nimezihesabu. Nilipokuandikia mara ya kwanza, nilikuwa nimetoka kuhesabu.

Fremu nilikutumia kwa nia njema. Nilijiambia ni mvua tu iliyozidi. Ni wewe uliyenionyesha kosa liko wapi. Nimeunda nyingine, naigeuza kila hatua mpaka watu wanachoka kuningoja. Wamebaki tisa. Mfinyanzi ni mmoja wao, hanisemeshi, anachimba. Tangu tuanze upya tumemaliza mitaro miwili. Mikono yangu haifungi ngumi.

Msomee fundi viatu barua hii, usiruke mstari. Asichimbe mtu kwa neno langu.

Sikuwa na bahati yoyote, Bibi. Hakuna mtaro hata mmoja ulioshika maji. Nilikudanganya.

Mjukuu wako