Mtoto wa Feza Anasikia

Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Hamjambo hapo nyumbani Kasongo? Mimi nimefika Wamaza. Mvua imenipiga juu ya pikipiki njia nzima, lakini nimekula wali na sombe, yale majani ya muhogo, mpaka nikasahau baridi.

Unajua kazi yangu ni kutafuta watoto walioumizwa na ugonjwa wa rubela wakiwa bado tumboni. Leo nimekutana na Feza. Mimba yake ilipokuwa changa alitokwa na vipele, na sasa jicho moja la mtoto wake lina weupe. Mama mkwe wake alikuwa akisema Feza amevunja mwiko. Nikamweleza kwamba huo ni ugonjwa, si kosa la mtu. Kisha, kwa kuwa rubela huharibu masikio pia, nikagonga sufuria kwa kijiko nyuma ya mtoto. Akashtuka, akalia, na sisi sote tukacheka kwa furaha, maana anasikia.

Mama mkwe akamshika Feza mkono. "Mwanangu, nilikuonea. Mutoto nitamupeleka kwa dokta wa macho mimi mwenyewe."

Watafika hapo Kasongo kwa dokta Jumatatu, nao watalala kwako. Wapikie vizuri, yaya, na kitanda changu umpe Feza. Ana miezi mingi hajalala vizuri.

Mdogo wako akupendaye,
Mariamu