Mwanamke wa Pili Nyuma ya Sauti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Sura ya tisa, mara ya tatu. Fundi wa sauti ameirudisha tena. Anasema kuna mwanamke mwingine anasoma nyuma yangu, kwa chini chini, amechelewa kidogo tu. Mwanamke gani? Humu chumbani niko mimi, maiki, na magodoro mawili niliyoyasimamisha ukutani. Shule ya wasioona inakingoja kitabu hiki cha kusikiliza, watoto wana mtihani. Nimechoka. Koo limekauka hadi chai inakwama.

Jumatano, 5 Machi

Nimezima friji. Nimefunga madirisha, joto la kuoka mkate. Mzee, mume wangu, nimemtoa nje na redio yake — kaninunia. Kurasa kumi na mbili bila kujikwaa! Jibu la Fundi: Mama, yule mwanamke bado yupo.

Nimemjibu kwa ukali, aangalie mashine zake. Miaka ishirini na sita nimefundisha, sauti yangu inafika dawati la mwisho bila kipaza sauti. Leo kijana wa juzi ndiye wa kunifundisha kusikia?

Ijumaa, 7 Machi

Fundi kapiga simu. Kamgundua: mwanamke ni mimi mwenyewe. Hedifoni yangu inavuja. Sauti yangu inayonirudia masikioni inatoka nje, maiki inaidaka tena. Punguza tu, Mama, basi. Kumbe jambo dogo hivyo!

Nikapunguza hadi pale aliponitajia. Nikawa najisikia kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nikapandisha tena. Nikamwandikia kwamba hedifoni ni mbovu.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi amekuja mwenyewe na hedifoni mpya. Mwembamba, mpole, kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akataka kwanza kuisikiliza ile yangu kama nilivyoiacha, bila kugusa kitufe. Akavaa. Nikaanza kusoma. Sentensi haijaisha, akaivua haraka na kushika sikio.

"Mama, huwa unasikiliza hivi? Kila siku?"

Nikasema naipenda yenye nguvu. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu ile inayouma. Akanivalisha mpya. Kulia, sawa. Kushoto, nikamwambia hajachomeka vizuri. Alikuwa amechomeka.

Akataja hospitali, kwa kuzungukazunguka, kisha akaaga.

Naogopa. Haya, nimeandika.

Jumanne, 11 Machi

Sijarekodi. Sijaenda hospitali. Wakiniambia niache? Wanangu wamekua na kuondoka, chaki nilishaiweka chini. Kusoma ndiko kulikobaki. Mzee kaniuliza kazi inaendaje, nikasema safi. Uongo mtupu.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi ana wazo: nisome bila hedifoni kabisa. Mtu mwingine aivae, afuate kitabuni, akisikia kasoro anyooshe mkono. Mtu mwingine humu ndani ni nani? Mzee. Ikabidi nimweleze, nusunusu — nikasema ni mambo ya mitambo.

Kavaa hedifoni, miwani kwenye ncha ya pua, anajiona rubani! Tumemaliza sura ya tisa yote. Kanisimamisha mara nne, na mara zote nne alikuwa sahihi. Nimeituma. Fundi kajibu haraka: safi kabisa, yule mwanamke kaondoka.

Ningefurahi. Ila nimeona kiti. Mimi nilimwekea kushoto kwangu, penye nafasi. Yeye amekihamishia kulia, kati yangu na kabati, magoti yamemfika kidevuni. Nikamuuliza anajibana nini huko. Akasema ndio upande wake siku zote.

Nikawaza. Mezani, kulia. Tukitembea, kulia. Kitandani — miaka yote alilala kushoto! Alihama lini?

"Mwaka juzi, mama watoto. Nikikuongelesha upande ule ulikuwa huitikii."

Kasema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Mwaka juzi! Na mimi nilidhani amepunguza maneno.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema nilikuwa na furaha na vitabu vyangu. Kisha kafungua sura ya kumi, kanionyesha kwa kidole: anza.

Sijaanza. Nimechukua daftari hili badala ya kitabu. Maiki iko wazi, yeye bado ananingoja na hedifoni kichwani. Sasa ananiambia nipunguze, kalamu yangu ina kelele. Kalamu!