Yule Niliyemwandika Mkulima

Mjukuu wangu Agripina,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Kasense hatujambo. Bibi yako anaanika ulezi, na kaka yako Deusi tangu amalize chuo cha ualimu yuko hapa nyumbani, anasubiri ajira.

Umeniuliza kama takwimu za watu wasio na ajira ni za kuaminika. Ujanani niliwahi kuwa karani wa kuhesabu watu. Kule Laela nilimkuta mama mmoja na kijana wake, msomi, amekaa mlangoni na bahasha ya vyeti mapajani. Nilipouliza kazi yake, mama akawahi kujibu, "Mkulima, mwanangu." Kwetu ukisema mtoto hana kazi, umemwita mvivu mbele ya mgeni. Kijana akaniangalia, akingoja nimuulize mwenyewe. Sikumuuliza. Nikaandika mkulima, nikaenda nyumba ya pili. Macho yale hayajanitoka hadi leo.

Juzi karani alifika hapa kwetu, binti mpole, akauliza Deusi anafanya kazi gani. Deusi alikuwa amekaa palepale. Akaniangalia.

Nikajibu, "Mkulima."

Ni mimi babu yako, niliyemjibia.