Kitenge Ulichokiweka kwa Siku ya Kesi

Mama Furaha,

Amepatikana na hatia. Najua ungetaka salamu kwanza, nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, biashara je, mpaka chai ipoe. Lakini hili nimekaa nalo tangu Alhamisi na nikilichelewesha litanipasua kifua. Yule aliyekuvua kilemba amepatikana na hatia. Wenzake walikiri asubuhi ileile, hata hatujapata pa kukaa. Yeye alikana mpaka mwisho.

Haya, salamu sasa. Sisi wazima. Nilesh wangu amenenepa. Duka liko palepale Washwood Heath, mlango unakwama vilevile, na kiti chako cha karibu na hita simruhusu mteja yeyote akizoee. Juzi mama mmoja wa Tanzania alikikalia akanibembeleza bei kwa Kiswahili laini, nikakukumbuka wewe ulivyokuwa ukibishana na mimi kwa Kiswahili chako cha Bukavu, mimi nikijibu kwa changu cha Kisumu, kila mmoja akidai mwenzake ndiye anayekiharibu. Nilimpunguzia yule mama. Usinicheke.

Jumamosi ile nimeisimulia kwa polisi na kwa mawakili hadi maneno yameisha ladha. Wewe sijawahi kukusimulia, maana ulikuwepo. Ulikuja kuchagua kitenge cha harusi ya mpwa wako. Tukasikia ngoma, kisha kelele, kisha wakatokea: wanaume wamevaa nyeusi tupu, nyuso wamezifunika, wamejipanga safu kama watoto wa gwaride, na bango linalosema nchi hii ni ya Wazungu, sisi turudi tulikotoka. Nilikuambia ingia ndani nifunge. Ukakataa. Furaha alikuwa anatembea kutoka kituo cha basi, na akikuta mlango umefungwa, je, atakimbilia wapi?

Ukasimama kizingitini na mkoba wako mkononi. Mmoja akatoka kwenye safu, akakung'oa kilemba, akakitupa chini akakikanyaga. Katika kuhangaika kwake kile kitambaa cha usoni kikamteleza. Hukupiga kelele. Ulimtazama tu, mpaka yeye ndiye aliyegeuka. Furaha alipofika alikukuta kichwa wazi barabarani, na hata mimi sikuwa nimewahi kukuona hivyo.

"Mum, what happened?"

"Hapana kitu. Ingia, iko baridi."

Mama Furaha, sijawahi kukushukuru kwa yaliyofuata, kwa hiyo naandika. Baada ya siku ile niliogopa kutembea. Nina mvi kichwa kizima na nilikuwa naogopa kutoka dukani kwangu hadi kituoni! Sikukuambia. Ukajua mwenyewe. Jioni nafunga duka, nakuona umesimama nje, umetoka Ladywood kwa basi mbili na baridi yote ile. Nikakugombeza: wewe ukinisindikiza mimi, wewe nani atakusindikiza? Ukanishika mkono. "Kwetu mutu anasindikizwaka," ukasema, na hapo mjadala ukafungwa. Ulikuja msimu mzima wa baridi. Siku niliyokuambia sasa naweza kwenda mwenyewe, ulikuja kesho yake pia, kuhakikisha kama sikudanganyi.

Polisi walipomaliza kuandika maelezo yako ulikuja dukani, ukavuta lile jora la bluu lenye ndege wa manjano. "Hii nitavaa siku bale batu batafika mu tribinali." Nikakupimia kitenge kizima cha kwenda nacho mahakamani. Nikasema kashone basi. Ukasema, na nikinenepa je? Ukakikunja ukakiweka kabatini.

Kikakaa kabatini, mama. Kwanza tuliambiwa nyuso zilifunikwa, ni vigumu. Halafu simu za wale watu zikapatikana na maneno yao ya kupanga yote, tukafurahi. Halafu faili iko kwa wanasheria. Halafu tarehe. Nakumbuka tarehe ile ya kwanza! Uliwaleta akina mama wa kwaya wote, kama vile tunakwenda kukaa matanga, na sufuria za bugali, sombe ya majani ya muhogo na makayabu, wale samaki wenu wa chumvi, zimefungwa kwa taulo. Askari wa mlangoni akafungua kifuniko, harufu ya samaki ikamkaribisha, akarudi nyuma. Ukamweleza kwa utulivu kwamba watu hawakai siku nzima kwenye jambo zito bila kula. Hakuelewa neno. Kisha tukaambiwa hakuna chumba, kesi imeahirishwa. Tukala kwenye ngazi za mahakama, upepo unapuliza, na yule askari alipotoka kwa mapumziko ulimpakulia. Alikula mpaka akalamba vidole.

Ikaahirishwa tena, na tena. Ukaanza kukonda. Kule hospitali, siku ile ambayo hatukujua ni ya mwisho kuzungumza, hukuniuliza daktari kasema nini. Uliniuliza, "Bale batu je?" Nikasema bado. Ukafumba macho. "Basi mutaenda bila miye. Musiende na sura ya kilio."

Nisikufiche, niliogopa kwamba kesi umeondoka nayo. Wewe ndiye uliyeuona uso wake vizuri, mimi nilikuwa nyuma yako.

Msibani paliwaka moto kidogo. Akina mama walitaka uzikwe na kile kitenge cha bluu, kwa kuwa ndicho ulichokipenda na hukupata kukivaa. Furaha akakikumbatia, akasema no, that's for court. Mama Esta wa kwaya akakasirika: mama yako aende na nguo ya kawaida, wakati ile nzuri imebaki kabatini? Wakanigeukia mimi, Mhindi wa Kisumu, eti niseme. Nikasema mwacheni mtoto. Ukazikwa na kile cha harusi. Kilikupendeza, ila najua ungeuliza.

Wakili wa yule mtu alipinga maelezo yako kusomwa, kwamba marehemu hawezi kuulizwa maswali. Tulisubiri uamuzi huo kama tunasubiri majibu ya daktari. Jaji akaruhusu. Jioni ile Furaha alikuja dukani na kitenge, akakitandaza mezani. "Cut it, Aunty. One each." Nikachukua mkasi. Nikakata vilemba, cha kila mama wa kwaya, cha Furaha, na changu. Ndiyo, changu. Nilikifunga kama napanga sari, Mama Esta akacheka mpaka akasahau alininunia.

Alhamisi tukaketi viti vya wasikilizaji, bluu na manjano mstari mzima. Yule mtu akaingia. Suti, kitambi, nywele zimechanwa vizuri, ungemkuta sokoni ungemwomba akushikie mfuko. Akainua macho, akatuona. Akayashusha, na hakuyainua tena.

Kisha wakasoma maneno yako. Mwanamke wa Kiingereza, sauti yake nyembamba, lakini ni wewe kabisa: kwamba ulisimama mlangoni kwa sababu mtoto wako alikuwa njiani, na kwamba ulimtazama vizuri yule mtu kwa kuwa ulijua siku moja utaulizwa. Furaha alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza, na sikuuondoa. Wale raia wa jopo, ambao huku ndio huamua hatia, waliporudi na jibu, tulimeza machozi na vigelegele pamoja. Vigelegele tulivipigia nje kwenye ngazi. Makayabu tuliyaficha kwenye gari la Nilesh. Linanuka hadi leo, na hajathubutu kulalamika.

Asante, mama. Kwa mlango ule uliousimamia. Kwa jioni zile zote. Nilikuja nchi hii nikapata majirani, wateja na shemeji, lakini mtu wa kunishika mkono barabarani nilimpata kwako, na nilimpata kwa Kiswahili, huku mbali.

Jambo moja nilikuwekea. Tulipomaliza kula nikawaaga, nikaelekea kituoni. Ulikuwa mchana kweupe, sikuwa na hofu yoyote. Nikasikia viatu nyuma yangu. Furaha, na kilemba cha kitenge chako kichwani. Nikamwambia rudi, it's only there, naweza. Unamjua, tangu mdogo unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Akanishika mkono palepale ulipokuwa unanishika wewe.

"Hapana, Aunty. Kwetu mutu anasindikizwaka."

Nililia ndani ya basi mpaka dereva akaniangalia kwenye kioo.

Pumzika sasa. Mwezi ujao jaji atasema yule mtu atafungwa muda gani. Tutakuwepo, na vilemba, na sufuria. Na huyu mtoto wako, maadamu miguu yangu inanibeba, hatarudi nyumbani peke yake.

Wako,
Mama Nilesh