Jaji Aliomba Chumvi Tu

Tarver, Alabama
9 Machi 1987

Mdogo wangu Odell,

Salamu nyingi toka nyumbani. Hujambo huko gerezani? Lile jino limepoa? Sisi wazima, ila miguu ya Mama inavimba, na tangu ufungwe hali chakula mpaka nimkaripie. Jumapili kanisani walimwombea tena marehemu Baba, eti shemasi mwema, na mimi nikaitikia amina.

Juzi nilikutana na wakili wako dukani. Bado ana hasira. Alisema katika miaka ishirini ya kazi hajaona mtu aliyeshtakiwa kumuua baba yake akikataa kwa hiari yake kuhukumiwa na juri. Katika wale wananchi kumi na wawili wa juri wanaoamua kesi, alisema, mmoja tu akigoma hufungwi, na hapa kwetu wangegoma saba. Jaji akaamua peke yake, akamaliza kabla ya chakula cha mchana. Miaka kumi na minane.

Kabla hujatia saini ya kuikataa juri, jaji alikuuliza kama kuna mtu amekutisha au kukuahidi kitu. Ukajibu hapana, mheshimiwa. Ulikuwa unanilinda mimi dada yako. Ni mimi niliyekuambia kwamba nilipompelekea jaji chakula pale mkahawani ninakopika, alininong'oneza kuwa mdogo wangu asiwaite hao kumi na wawili, amwachie yeye, atamwonea huruma.

Odell, jaji hakuniambia neno. Aliomba chumvi tu. Nilitunga yote, kwa sababu ya aibu. Nusu ya juri wangekuwa watu wa kanisa letu, wakae wiki nzima wakisikia jinsi Baba alivyokuwa akimburuta Mama kwa nywele, na kwamba siku ile usingeshika kile chuma cha jiko, angemuua. Niliona heri ufungwe miaka miwili kuliko sisi kusemwa maisha. Nilidhani ni miwili, mdogo wangu.

Usinisamehe, sikuandika kwa ajili hiyo. Barua hii nimeiapia mbele ya mwanasheria, mhuri wake uko chini. Mpe wakili aipeleke mahakamani. Kazi nitafukuzwa, na kanisani watajua yote. Wajue. Ila nisikudanganye mara ya pili: faili litarudi kwa jaji yuleyule.

Mama anakusalimu sana. Jana nilimsomea yote niliyoandika hapo juu. Tangu hapo hajasema nami.

Ni mimi dada yako,
Verlene Stallworth