Mgongo wa Mwenye Gari

4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za macho? Natumaini dawa inasaidia. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo uko imara, ananigombeza kama nina miaka kumi.

Picha hii nimeiona kwa muuza vitu vya zamani, nikakukumbuka wewe na wenzako wapenda magari makuukuu. Ni gari gani hili? Muuzaji hajui lolote, na mimi sijui zaidi yake.

Mpwa wako

19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Macho yamenitupa mkono, natumia lenzi, ila kwa gari sihitaji macho yote. Wenzangu walibishana siku nzima, huyu kashikilia taa, yule kioo. Niliwaacha wachoke, kisha nikawaonyesha mlango wa nyuma wa kushoto. Ule mkunjo mdogo chini ya kitasa ni wa nyundo yangu. Mlango ule niliunyoosha mwenyewe, mwaka ule wewe ulipoanza darasa la kwanza, na rangi nikaikosea kidogo. Nimetamba wiki nzima, mke wangu amechoka kunisikiliza. Ukiona nyingine, lete.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. U mzima? Huku si kuzuri.

Picha uliyonirudishia niliiacha mezani. Mama akaichukua, na gari hakulitazama kabisa. Alimtazama yule mwanamume aliyeinamia injini, ambaye uso hauonekani, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Akasema, "Huu ni mgongo wa baba yako." Nikamwambia migongo inafanana. Akanijibu kwamba amepiga pasi mashati ya mgongo ule miaka sita.

Baba tulimzika nikiwa na miaka mitatu, baada ya ile ajali ya gari. Wewe unasema mlango uliunyoosha nilipoanza shule. Mwenye gari alikuwa nani?

Mpwa wako

10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu, na posta haijagoma. Mama ameacha kufunga mlango wa mbele. Kila asubuhi anavaa gauni la kutokea, anakaa sebuleni, na gari likipunguza mwendo barabarani anasimama, na magoti yale yale. Anangoja mtu. Nakuomba uniambie kama yupo.

Mpwa wako

1 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na unisamehe. Kwa kutamba niliropoka; nilitazama bati, sikumtazama mtu. Ndivyo tulivyo sisi. Tunapitishiana picha miaka nenda rudi, na hakuna anayeuliza waliosimama kando ni kina nani.

Alikuwa baba yako. Aliingia gereji yangu kama mteja yeyote, nyundo ikaniponyoka. Siku ya ajali, aliniambia, usukani alikuwa amempa mtu aliyemwomba lifti njiani. Yeye akarushwa nje kabla gari halijawaka moto, akakimbia. Kwanza aliogopa, halafu akaona aibu, halafu akazoea. Na mimi ndiye niliyeitwa kumtambua. Nililitambua gari, nikasaini kwamba ni yeye. Jeneza tukapewa limefungwa.

Nilimnyooshea mlango wake, nikamwambia asirudi kwenu, kwa kuwa dada yangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kula vizuri. Hakubisha. Nilitamani abishe, na hadi leo linanitesa. Miaka kumi baadaye nilisikia amefariki kwa maradhi mji mwingine. Safari hiyo nilikwenda, nikafunua shuka, nikamtazama usoni. Mwambie mama yako asingoje. Sijui utamwambiaje, mimi nimeshindwa miaka yote hii.

Mjomba wako

17 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nilimsomea mama barua yako yote. Hakulia, wala hakukutukana, ingawa nafasi nilimpa. Habari za baba hakuuliza. Aliomba nimsomee tena pale pa mtu wa lifti. Kisha akasema, "Basi yule niliyempelekea siri zangu zote kaburini miaka arobaini ni mtoto wa nani?"

Anataka kujua mtu yule alikuwa akienda wapi, alitaja jina gani, kama mama yake alimtafuta. Ikiwa baba alikuambia chochote kumhusu, hata rangi ya shati lake, tuandikie. Jumapili tunakwenda kaburini kama kawaida. Mama anasema hawezi kumwacha sasa, kwani hakuna mwingine anayejua alipo.

Mpwa wako