Maharimu wa Chuma

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Riyadh, Al-Naseem

Terry, Mkenya anayewahifadhi wasichana waliotoroka, amepiga simu kutoka Kandara, Jeddah. Rispah yuko chumbani kwake. Amechoka kujificha. Jumapili asubuhi anakwenda kujisalimisha tarhili, kituo cha kuwarudisha wageni makwao, arudishwe Kenya. Kabla ya hapo atakubali kuongea nami. Si kwa simu. Uso kwa uso, ama basi.

Niyapange mambo. Rispah na Winfred walifanya kazi nyumba moja, mitaa miwili kutoka kwetu. Mwezi wa nane Winfred alikufa. Mwenye nyumba alisema ameanguka kutoka juu ya paa akianika mazulia. Ikaandikwa hivyo. Mama yake kule Kitui ameambiwa hivyo, na redio yangu ikatangaza hivyo, kwa sauti yangu, kwa sababu sikuwa na lingine. Rispah alikuwepo juu ya paa. Hakuna mwingine aliyeona. Wiki iliyofuata akatoroka.

Akishapanda ndege nimempoteza. Wanaorudi kwao hawataki tena kuulizwa.

Mhariri anasema nipande basi. Basi linakutupa stendi, kisha uko mikononi mwa madereva wa teksi. Duka la kaka yangu Mselem liko kwa jina la kafili, Msaudi anayetudhamini. Gari letu liko kwa jina la kafili. Sisi wenyewe tuko kwa jina la kafili. Pikipiki ni yangu. Nitaondoka nayo Jumatano alfajiri.

Jumanne, 5 Novemba

Kikao cha familia. Sikukiitisha mimi.

Mselem alianza kwa upole, kama afanyavyo akijua atashindwa. Yule mwenye nyumba ana watu. Barabara ni ndefu. Mwanamke hasafiri bila maharimu, mume au ndugu wa kumlinda. Nikamwambia sheria ilibadilika zamani, wanawake wanakwenda peke yao, nami napanda pikipiki mwaka wa sita sasa. Akasema sheria imebadilika, Mama hajabadilika.

Kweli. Mama alikuwa juu ya msala wake wa kuswalia, hajaniangalia. Akasema radhi hanipi.

Nimewauliza watu wakubwa maswali ambayo wasaidizi wao walinikataza. Mbele ya bibi wa miaka themanini na mbili juu ya msala, niliweka funguo za pikipiki chini. Kwetu mtu hatoki bila radhi. Na Mama ana sababu yake: aliondoka Unguja mwaka sitini na nne bila kuagana na mama yake. Hakukuwa na wakati. Kila baya lililotupata tangu hapo, anasema limetoka hapo.

Nilidhani tumefika mwisho. Akainuka, akafungua kasha la mablanketi, akatoa bastola ya marehemu Baba. Tajiri ambaye Baba alikuwa dereva wake ndiye aliyempa. Haijawahi kuwa na karatasi.

"Mume huna, na kaka yako ana duka," akasema. "Basi huyu ndiye maharimu wako. Ukimkataa, radhi yangu usiitafute, mwanangu."

Mselem alitazama zulia. Alijua! Walishaongea.

Nikamweleza. Mgeni akikutwa na silaha isiyo na kibali ni jela, kisha kufukuzwa. Kafili atajitoa kwetu sote siku hiyo hiyo: Mama, Mselem, watoto wa Mselem. Nizaliwe Jeddah, nizeekee Riyadh, nikafie kisiwa ninachokijua kwa picha.

Akasema Mungu ndiye mwenye kulinda. Nikamuuliza, kama ni Mungu, hicho cha nini. Akasema nisimjibu hivyo.

Akaniapisha mkono juu ya Msahafu: nitakwenda nayo, nitarudi nayo. Kisha akaniombea dua ndefu, nzuri. Akaniambia nikipita Makka nimkumbuke.

Nimeikagua bafuni. Risasi nne zimeshika kutu ya kijani. Sijui kama italia. Hatari yote ya silaha, na faida yake hakuna. Hii ndiyo zawadi ya familia.

Jumatano, 6 Novemba
Nyumba ya wageni njiani, kabla ya Taif

Mahali pa kuiweka. Mselem alisema kiunoni, nyuma, kama polisi. Mselem hajawahi kuanguka na pikipiki. Ukianguka kwa mgongo juu ya kipande cha chuma, hutembei tena. Kwenye mkoba wa tangi inaonekana kila ukifungua zipu kutafuta maji. Boksi la nyuma kufuli lake linafunguka kwa kijiko. Nimeitia kwenye mkoba wa kiunoni, mbele, chini ya koti. Mama mwenyewe aliukaza ukanda.

Kwa hiyo siwezi kuinama. Upepo wa malori ukinisukuma, inanichoma tumboni. Pale pa kujaza mafuta nilivua glavu tu, koti hapana, na jua linaunguza. Kijana wa Kibangali aliniambia, madamu, joto, vua. Nikasema naumwa.

Nilidhani itanipa ujasiri. Imenipa tabia za mwizi. Naangalia kioo zaidi ya barabara. Gari lolote likikaa nyuma yangu kidogo, tayari nimeshalitungia kisa. Miaka yote nimepita njia hii bila kumwogopa mtu – leo nina silaha na namwogopa kila mtu.

Msikitini njiani, chumba cha wanawake. Bibi mmoja wa Kihijazi na binti zake, birika la kahawa, tende. Akanikaribisha, akashangaa pikipiki, akacheka sana. Kisha akauliza maharimu wangu yuko wapi.

Nikasema yupo.

Akasema basi mwite, naye apelekewe kahawa upande wa wanaume. Nikasema hanywi. Binti mkubwa akasema mume wa namna hiyo ni wa kumshukuru Mungu, wa kwake anamaliza birika.

Nimeswali nayo tumboni. Sijui sala hiyo imeandikwaje.

Alhamisi, 7 Novemba
Jeddah, Al-Baghdadiyah

Kizuizi cha polisi baada ya Taif. Askari kijana, masharubu ndiyo kwanza yanaota. Ikama, kibali cha ukaaji. Leseni. Akaniangalia, akaiangalia pikipiki, akaniangalia tena.

"Peke yako, khala?"

Kaniita mama mdogo. Nikasema peke yangu. Gari lililokuwa mbele yangu walikuwa wamelishusha kila kitu, mpaka mkeka wa miguuni. Akaniambia nifungue boksi. Nikafungua: mafuta ya mnyororo, nguo, kinasa sauti. Akauliza ndani ya koti kuna nini. Nikasema mimi.

Aliona haya. Mwanamume hampekui mwanamke, na askari wa kike hakuwepo. Akarudisha ikama kwa mikono miwili, akaniuliza injini ni ya ukubwa gani, akasema dada yake anataka kujifunza. Halas, yalla: basi, nenda.

Nimekaa miaka nikiandika jinsi haya hiyo inavyowafungia wanawake ndani. Leo imenipitisha. Uongo ulinitoka laini kama salamu. Nimewahi kuwahoji wasafirisha magendo nikawaona watu wa ajabu. Hakuna ajabu. Ni mazoezi ya siku moja.

Kisha njia panda. Kulia Makka, kushoto barabara wanayopita wasio Waislamu, inayozunguka mipaka ya Haram, eneo takatifu. Silaha haiingii Haram. Ya kuficha, isiyo na ruhusa, ndiyo kabisa. Nikakata kushoto, mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa kati ya lori la Mfilipino na basi la mafundi wa Kihindi. Mama ameniomba nimkumbuke Makka, na alichonifunga kiunoni ndicho kilichonizuia kuingia.

Simwambii.

Ijumaa, 8 Novemba

Mjomba Sultan, ninayelala kwake, ni mdogo wake Mama. Baada ya sala nikamwomba aniwekee mzigo siku mbili. Akauliza mzigo gani. Nikamwonyesha.

Alifunga mlango kwanza. Akasema nina wazimu, dada yake ana wazimu, na marehemu shemeji yake alikuwa na wazimu tangu ujana wake. Ana wajukuu ndani. Nilale, nile, lakini chuma hicho kikitoka mwilini mwangu ndani ya nyumba hii, nami nitoke nacho. Nikamwambia kwa utani, kama mwandishi, anieleze anaogopa nini. Hakucheka.

Jioni kila nikipita barazani, wajukuu wanaitwa ndani.

Jumamosi, 9 Novemba
Kandara, kisha Al-Baghdadiyah

Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kujitetea.

Chumba cha Terry kiko ghorofa ya tatu, juu ya duka la simu. Terry anapika chapati za kuuza, anaongea huku akisukuma. Alitoroka zamani, sasa anafanya kibarua nyumba hadi nyumba, na kila msichana aliyekwama hupitia kwake. Alinipokea kwa kelele: mtu wa redio amekuja na nduthi, pikipiki yake, mwanamke mzima, watu wa Kandara watakula hiyo story mwezi mzima.

Rispah alikuwa ameketi kitandani. Mwembamba kuliko nilivyomfikiria. Nilikuwa nimempanga kichwani: swali la kwanza, la pili, nisimkatize. Nikawasha kinasa sauti, nikakiweka juu ya stuli akione.

Akasimama, akanikumbatia. Wakenya hukumbatia. Nilijua hivyo. Kwetu tunapeana mkono, tunabusiana mashavu, mwili unabaki mbali. Nilikuwa nimefikiria vizuizi, mafuta, upepo. Sikufikiria salamu.

Alihisi. Alibaki ameshika mabega yangu, akatazama chini, koti lilikuwa limefunguka. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Nikasema ni ya marehemu baba yangu. Nikasema sijui hata kama inafanya kazi. Nikasema ni mama yangu. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila kimoja kilisikika kama cha mtu aliyekamatwa.

Terry aliacha kusukuma chapati. Akanitoa nje kwenye ngazi, akanieleza, si kwa hasira. Kule Al-Naseem, kila Winfred alipoomba arudi kwao, baba wa nyumba hakumjibu. Alikuwa anaweka bastola juu ya meza ya jikoni, kando ya chai. Hamgusi, hasemi kitu. Anakunywa chai, anamaliza, anaichukua, anaenda zake. Wasichana wanaosha kikombe.

"Sasa wewe unamletea hiyo kitu ndani ya nyumba," Terry akasema. "Auntie, ungeniambia tu. Ningekuja nikakushikia huko chini."

Nikamwambia aishike sasa, basi. Akasema sasa hapana.

Rispah alikuja mlangoni, hakuvuka kizingiti. Alisema polepole, kama anayeagiza kitu dukani.

"Winfred hakuanguka. Hiyo nimekupea. Ingine nitakuambia kesho, kwa line ya tarhili. Pale wanasearch kila mtu. Ukifika pale, nitajua uko mikono mitupu."

Nikasema pale hatutakuwa na nafasi. Akasema itatosha.

"Na usipokuja," akasema, "pia nitajua."

Kinasa sauti kilikuwa kimewaka muda wote. Kimenasa kitanda, mafuta ya chapati yakichemka, na mimi nikieleza kuhusu mama yangu.

Jumapili, 10 Novemba
Nje ya tarhili

Naandika juu ya pikipiki, upande wa pili wa barabara.

Nimempigia Mama alfajiri. Nikamwomba anifungue kiapo. Nikamweleza yote: Winfred, paa, chai, bastola juu ya meza. Alisikiliza. Akasema huyo msichana Mungu amrehemu, na mimi nirudi na maharimu wangu, kiapo hakifunguliwi kwa simu. Akauliza kama nilimkumbuka Makka. Nikasema ndiyo. Uongo mwingine wa safari, na huu uliniuma.

Mjomba Sultan nimemwomba tena. Hakufungua mlango wa chumba chake.

Geti liko mbele yangu. Meza, askari mwanamume, askari mwanamke. Leo wa kike yupo. Wanawake wamepanga foleni na mifuko ya plastiki, wengine na mito ya kulalia. Mlinzi wa maegesho anafungulisha kila boksi – nimemtazama. Nyuma yangu kuna kiwanja cha kifusi, matofali na mifuko ya saruji iliyoganda. Mtu angeweza kuichimbia pale. Mtu mwingine angeweza kuichimbua. Na ningerudi Al-Naseem kiuno kitupu, kwa mama ambaye hakuagana na mama yake.

Nimejaribu kulipima jambo hili kama habari ya mtu mwingine. Upande huu radhi ya kikongwe mmoja. Upande ule namna alivyokufa msichana. Mwandishi yeyote angejua ipi ni habari. Ningemcheka anayesita.

Rispah yuko kwenye foleni, baibui la kuazima, begi moja. Terry amemsindikiza mpaka kona, ameondoka – hawezi kusogea hapa. Foleni inakwenda kwa kasi nisiyoitarajia. Siku nyingine watu husinzia hapa.

Ameniona. Hajanipungia.

Askari wa kike anapapasa mikono, mbavu, mgongo. Anayefuata. Mikono, mbavu, mgongo.

Rispah amegeuka. Ameinua mikono yote miwili, viganja vikinielekea, vitupu. Amebaki hivyo. Walio nyuma yake wanatazama anamwonyesha nani. Mbele yake amebaki mtu mmoja. Mkono wangu wa kulia umeshika kalamu. Wa kushoto uko ndani ya koti, juu ya ukanda alioukaza Mama.